Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Msimu wa 2024–25

Mheshimiwa Mlezi wa Chama, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wanachama mliofika, na ninyi mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu kwa sababu hamkufika:

Kwa niaba ya Kamati Tendaji na kwa niaba yangu mwenyewe, nawasilisha taarifa ya chama chetu cha washabiki wa hoki ya barafuni wanaozungumza Kiswahili hapa Portland, Maine, kuanzia Oktoba 2024 hadi Septemba hii ya 2025. Kwa desturi taarifa huandaliwa na Katibu. Safari hii nimeiandika mwenyewe, kwa kuwa Katibu alihamishiwa zamu ya usiku mwezi Mei na tangu hapo tunaonana kwa nadra. Simlaumu.

Mkutano umetangazwa kuanza saa nane mchana. Naandika maneno haya usiku wa kuamkia mkutano, na tayari najua tutaanza saa tisa na nusu.

SHUGHULI ZA MSIMU

Haya mnayajua, kwa hiyo nitapita haraka. Timu yetu, Maine Mariners, walicheza michezo 72 kama timu nyingine zote za ligi, nusu yake hapa nyumbani, ukumbi wa Cross Insurance Arena. Chama kiliteua michezo kumi ya kukaa pamoja. Tulikuwepo usiku ule wa Desemba wa kurusha midoli barafuni bao la kwanza linapoingia. Watoto wamejifunza kuteleza, na wawili sasa wanateleza kinyumenyume. Tulizika, tuliozesha, tulichangia. Timu yenyewe, chini ya kocha mpya Rick Kowalsky, haikufika mtoano: katika Kanda ya Kaskazini nafasi nne zilikwenda kwa Trois-Rivières, Wheeling, Norfolk na Reading. Mwaka wa nyuma yake tuliingia, Adirondack wakatutoa raundi ya kwanza. Kwa hiyo tumeshuka, na hilo si kosa la chama.

Kwa faida ya wanachama wapya, ambao kila mara wananiuliza kama hii ndiyo timu ya Boston wanayoiona kwenye televisheni, naeleza tena. Boston Bruins wako ligi kuu, NHL. Chini yao wako Providence Bruins, katika AHL. Chini ya Providence ndipo tulipo sisi, katika ECHL, ligi ya kulipwa iliyoanza mwaka 1988 na timu tano, na ambayo msimu huu ilikuwa na timu 29 baada ya Tahoe na Bloomington kuingia. Kombe lake linaitwa Kelly, kwa heshima ya kamishna wa kwanza wa ligi. Mchezaji aking'ara hapa, Providence wanapiga simu, na jioni hiyo hiyo hayupo. Ndiyo maana nimewashauri wazazi msinunue jezi zenye majina mgongoni. Wachezaji hawa hulipwa kwa wiki, timu huwapangia nyumba, na usiku mwingi hulala ndani ya basi. Niliwahi kusema katika mkutano wa mwaka juzi kwamba maisha yao yanafanana na ya kwetu kuliko watu wanavyodhani, na kauli ile ilipigiwa makofi.

Ukumbi wetu ulifunguliwa mwaka 1977. Mariners wa kwanza, wale wa AHL, walichukua Kombe la Calder, kombe la ligi hiyo, mwaka 1978, 1979 na 1984. Baadaye wakaja Portland Pirates, wakalichukua mwaka 1994, kisha mwaka 2016 wakahamishiwa Springfield. Mji ukakaa misimu miwili bila timu, mpaka nafasi ya timu ya Anchorage, kule Alaska, ilipoletwa hapa mwaka 2018. Chama chetu kilikuja mwaka uliofuata, baada ya kiangazi kile cha 2019 ambapo zaidi ya watu 400, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walilazwa kwenye vitanda vya kukunja pale Portland Expo. Baadhi ya mliopo mlilala pale. Wazo la kuwatoa watu nyumbani majira ya baridi, wakae pamoja mahali penye taa na kelele, lilitoka kwa nani? Muhtasari wa kikao cha kwanza upo, na asiyeamini ausome.

KUHUSU SAFARI YA TROIS-RIVIÈRES

Naingia sasa kwenye jambo ambalo, nisijifanye sijui, ndilo lililowatoa nyumbani wengi wenu leo.

Mkutano Mkuu uliopita uliazimia kwamba chama kifanye safari moja ya ugenini kwenda Trois-Rivières, Québec, kuwatazama Mariners wakipambana na Lions. Hoja zilizotolewa zilikuwa nzuri. Ule ni mji wa Kifaransa, na wenzetu waliosoma Bukavu, Uvira na Bujumbura wangepumzika na Kiingereza kwa siku mbili. Lions wanalelewa na Montréal Canadiens wa NHL, mahasimu wa Bruins tangu enzi za babu zao. Na wapo kati yetu wenye ndugu Montréal ambao hawajawaona tangu kambini Nyarugusu. Azimio lilipita. Mimi nilikuwa nimekalia kiti, na mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana. Naomba hilo liandikwe, maana kuna anayezunguka akisema kwamba mimi mwenyewe niliunga mkono.

Mwishoni mwa Januari safari ile ilifutwa, na mahali pake tukaenda Worcester, Massachusetts. Kwa uamuzi huo nimeitwa mwoga, nimeitwa dikteta, na kwenye kundi la WhatsApp, saa sita na robo usiku, nimeitwa rais wa maisha. Sikujibu wakati ule. Kiongozi hajibizani usiku. Najibu leo.

Kwanza, sheria. Mwenye maombi ya hifadhi ambayo hayajaamuliwa, akitoka Marekani bila kibali cha kusafiri alichokiomba na kupewa mapema, anahesabiwa ameyatelekeza maombi yake. Akitoka ametoka. Miaka sita ya kungoja, mahojiano, alama za vidole, wakili, vyote vinaishia kwenye kizuizi cha mpakani kwa ajili ya mchezo wa vipindi vitatu vya dakika ishirini. Kanada nayo haimpokei mtu wa namna hiyo bila visa. Na kwa wale waliokuwa wakinong'ona kwamba wakishavuka huenda wasirudi: tangu Machi 2023 mapatano ya Kanada na Marekani yanashika mpaka wote, si vituo rasmi peke yake, na anayevuka kwenda kuomba hifadhi upande wa pili hurudishwa alikotoka, ukiacha wachache wenye sababu zinazokubalika, kama kuwa na jamaa wa karibu kule. Mimi si wakili. Lakini nilikwenda kumwuliza wakili, kwa mafuta yangu, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya.

Katika wanachama 64 walioandikishwa, wenye pasipoti ya Marekani au grini kadi walikuwa 19. Waliobaki, 45, basi lingewaacha Portland.

Ndipo ikaja hoja kwamba waende wanaoweza na wengine wabaki, wataletewa picha. Hapo niligoma, na ningegoma tena kesho. Basi lilikuwa linalipiwa na mfuko wa chama. Mfuko wa chama ni ada. Ada ya mama anayetandika vitanda hotelini, mwenye kesi mahakamani, haiwezi kumkodia basi mwenye pasipoti ya bluu ili akale viazi vya jibini Québec. Kama huo ni udikteta, basi.

Pili, wakati wenyewe. Kumbukeni Januari 2025 ilivyokuwa. Serikali mpya iliapishwa tarehe 20, na siku hiyo hiyo ikatoka amri ya kusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Watu waliokuwa na tiketi za ndege mkononi walirudishwa kambini. Hapa mjini kuna waliokuwa wanaogopa hata kupeleka takataka nje. Wapo wenye grini kadi, tena waliokuwa mstari wa mbele kuidai safari, walionipigia simu mmoja mmoja kusema mawakili wao wamewashauri wasivuke mpaka kwa ajili ya starehe. Walinisihi niifute mimi ili wasionekane wao. Nimeifuta. Leo wamekaa kimya, na mmoja ameweka alama ya dole gumba kwenye ujumbe ule wa rais wa maisha. Sitamtaja.

Tatu, utaratibu. Inasemwa kwamba akidi haikutimia. Akidi ya Kamati Tendaji ni wajumbe wanne kati ya saba. Walifika watatu, na wa nne alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, akielekea kazini. Alipoulizwa alisema, "Fanyeni tu." Mjumbe huyo sasa anadai alimaanisha tufanye kikao, si tufanye uamuzi. Naliachia mkutano huu upime maneno hayo mawili yanaweza kubeba maana ngapi.

Nne, fedha. Ni kweli kwamba amana ya basi la kwanza, dola 300, haikurudi. Imeandikwa waziwazi kwenye hesabu na sikuificha chini ya kifungu cha "mengineyo" kama ilivyowahi kufanyika katika uongozi uliotangulia. Dola 300 hazifiki hata ada ya saa moja kwa baadhi ya mawakili wa uhamiaji. Anayeona ni hasara ajiulize tungelipa kiasi gani kumtoa mwanachama mmoja kizuizini.

Na tano, ingawa halikuwa sababu bali limekuja kuthibitisha: Februari hiyo, kwenye mashindano ya hoki ya mataifa manne, watazamaji wa Montréal waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani. Sisemi wangetuzomea sisi. Nazungumzia hali ya hewa.

Worcester ni saa mbili na nusu kwa barabara, hakuna anayekuuliza karatasi ya kuvuka jimbo, na DCU Center ni ukumbi mzuri tu. Basi lilikuwa na viti 30, tukajaza 26. Pilau ililiwa ndani ya basi kabla hatujafika New Hampshire, kinyume na ratiba. Matokeo ya mchezo mnayajua, sitayarudia. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kesi yake tangu 2019 aliniambia njiani kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya Maine tangu afike. Alikaa dirishani kwenda na kurudi, na hakutaka kubadilishana kiti na mtu.

Wanachama saba walikwenda Trois-Rivières kwa magari yao. Ni haki yao, na nafurahi walirudi salama. Ninachouliza, na nimeuliza kwa maandishi mara mbili bila kujibiwa, ni hili: bango la chama lilifikaje kule? Bango linatunzwa gereji kwa Mweka Hazina. Mweka Hazina anasema hakumpa mtu. Lakini kwenye picha lipo, limetandazwa juu ya kioo, na chini yake watu saba wanacheka.

Kisha ikaja Juni, na Mungu ana namna yake ya kumpima mtu. Lions wa Trois-Rivières wakatwaa Kombe la Kelly. Waliwatoa Florida Everblades, waliokuwa wamelichukua mara tatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, kisha wakawashinda Toledo michezo minne kwa mmoja kwenye fainali. Ni mara ya kwanza kombe hili kwenda Québec. Simu yangu haikupumzika siku tatu. "Mwenyekiti alitunyima kuwaona mabingwa!" Ndugu zangu, wakati wa baridi nani alijua? Aliyejua angekuwa tajiri leo, na angelipa ada. Isitoshe, Lions hao hao ni wa kanda yetu. Walikuja hapa Portland, wakacheza mbele ya viti vyetu, na usiku mmojawapo ulikuwa katika ile kumi ya chama. Tulikuwa watu tisa. Mabingwa walikuja mlangoni kwenu, mkabaki nyumbani.

MAHUDHURIO

Kutokana na hilo, niseme juu ya mahudhurio. Katika michezo kumi ya chama, wastani wetu ulikuwa watu 14, watoto wakiwemo. Tukiwaondoa watoto ni wanane. Mkutano wa robo mwaka wa Novemba ulihudhuriwa na watu sita, wanne wao wajumbe wa Kamati. Ule wa Aprili uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na mwishowe ukafanyikia kwenye maegesho ya magari baada ya ubatizo.

Kuna sababu ninazozipokea. Mwishoni mwa Januari Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Majuma yale karibu nusu yetu tulikuwa tunalala na simu kifuani, tunangoja mtu wa upande ule apate mtandao. Nani angezungumza na mtu habari za paki, kile kisahani kinachopigwa barafuni? Michezo miwili ya chama ya majira hayo niliifuta kimya kimya na tiketi nikawapa jirani. Hakuna aliyelalamika, na hakuna nitakayemhesabia kutofika katika kipindi kile.

Napokea pia sababu ya theluji. Manispaa ikitangaza marufuku ya kuegesha magari barabarani, gari likivutwa ni hasara kuliko tiketi kumi.

Lakini Oktoba na Novemba? Hakukuwa na vita mpya wala theluji. Nilipiga simu, nikaambiwa, "Tuko njiani." Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha, wako njiani. Asiyekuwepo na lake halipo, ila katika chama hiki asiyekuwepo ndiye mwenye maneno mengi kesho yake.

Tangu majira ya kuchipua tumepata mshindani mwingine. Portland Hearts of Pine wameanza kucheza mpira wa miguu katika USL League One, uwanja wa Fitzpatrick unajaa, na nimewaona pale, kwa macho yangu, wanachama ambao Januari waliniambia magoti hayawaruhusu kupanda ngazi za ukumbi wetu. Fitzpatrick nayo ina ngazi. Sina ugomvi na mpira wa miguu, wote tumezaliwa nao. Ila katika kundi imeletwa hoja kwamba chama kiachane na hoki kiingie huko moja kwa moja, kwa maelezo kwamba hoki "ni ya Wazungu, si yetu."

Hoja hii naijibu, maana inanikera kuliko ile ya basi. Mchezaji wa kwanza Mweusi katika NHL, Willie O'Ree, alizaliwa Fredericton, New Brunswick, jirani zetu hapo juu tu, na mchezo wake wa kwanza, tarehe 18 Januari 1958, alivaa jezi ya Bruins, hao hao wanaotulea. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni, akaficha. Sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji aliitumia katika ligi ndogo kama hii yetu, mji baada ya mji. Mwaka 2022 Bruins waliistaafisha namba yake, 22. Na Boko Imama, aliyefika NHL akiwa na Arizona, wazazi wake ni wa Kongo, yeye akazaliwa Montréal. Mtoto wa kwetu. Wanaosema si yetu hawajawahi kuwasikia watoto wetu wakibishana juu ya Imama nyuma ya gari langu.

Sifichi upande wa pili. Januari 2022, ndani ya mwezi mmoja, Imama alifanyiwa ishara ya kibaguzi barafuni katika AHL, na Jordan Subban, mchezaji Mweusi mwenzake, akafanyiwa ya namna hiyo katika ECHL, ligi yetu hii. Aliyemfanyia Imama alifungiwa michezo 30. Aliyemfanyia Subban alifungiwa msimu wote uliobaki, na timu yake ikamwachia. Mzazi mmoja aliniuliza kama ni salama kumleta mwanawe. Nilimjibu amlete, na akae karibu nasi. Amemleta. Mtoto huyo sasa anamfokea mwamuzi kwa Kiswahili cha Uvira, na mwamuzi, kwa bahati nzuri, haelewi.

FEDHA

Nasoma kwa mkupuo, nakala zitasambazwa karatasi zikipatikana. Salio la mwaka jana dola 412. Ada zilizolipwa kamili, wanachama 23 kwa dola 40, ni 920. Waliolipa nusu, tisa, ni 180. Mauzo ya sambusa na mandazi baada ya ibada, 615. Mchango wa Mheshimiwa Mlezi, 200. Jumla ya fedha iliyokuwepo, 2,327. Matumizi: amana iliyopotea 300, basi la Worcester 1,050, tiketi za watoto 540, ukumbi wa mikutano 120, bango na ukarabati wake baada ya kurudi linakojua lenyewe 95, rambirambi 150. Jumla 2,255. Salio dola 72. Mafuta ya gari langu, simu, na zile pakiti za betri za kipaza sauti sijazidai na sitazidai, nazitaja tu.

Kama kila mmoja wa wanachama 64 angelipa, ada pekee zingekuwa dola 2,560. Tumekusanya 1,100. Pengo la 1,460 ni zaidi ya basi la Worcester, tena na pilau.

Hapa natenganisha watu. Aliyeomba hifadhi hapati kibali cha kazi mpaka maombi yake yatimize siku 180, na tangu Julai mwaka huu sheria mpya imeweka ada ya dola 100 kuomba hifadhi, nyingine 100 kila mwaka kesi ikiwa bado haijaamuliwa, na 550 kwa kibali cha kwanza cha kazi. Mtu huyo simdai dola 40. Kamati inapendekeza asamehewe ada mpaka apate kibali, na naomba mkutano upitishe leo. Pendekezo hili ni langu.

Wenye vibali, wenye zamu mbili, wenye magari ya kulipia kwa mwezi: ninyi nawadai. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na baadhi yenu mko hapa tangu Pirates hawajahama. Wajumbe watatu kati ya saba wa Kamati Tendaji wenyewe hawajalipa. Wanajijua, na mmoja amekaa mkono wangu wa kushoto.

Msidhani ada ni jambo dogo. Newfoundland Growlers walitwaa Kombe la Kelly mwaka 2019, msimu wao wa kwanza kabisa katika ligi. Miaka mitano haikutimia: Aprili 2024, msimu ukiwa ukingoni, ligi iliwafuta uanachama kwa kushindwa kutimiza wajibu wao kwa mujibu wa katiba ya ligi. Waliochukua kombe wamefutwa. Sisi ambao kombe letu ni la chai tunajiona nani?

YAJAYO

Msimu mpya unaanza Oktoba, na timu ya Greensboro ikiingia, ligi itakuwa na timu 30. Mungu akijalia tunatarajia kuongeza idadi ya watoto wanaoteleza. Tuna matumaini ya kupata mfadhili. Mazungumzo na mfanyabiashara mmoja yanaendelea vizuri, ingawa kwa sasa amesafiri. Barua ya kuomba usiku mmoja wa Kiswahili ukumbini imeandikwa na itapelekwa. Kuhusu kumwalika Boko Imama siku moja aje azungumze na vijana, nimemwagiza mtu anayemfahamu mtu.

Safari ya ugenini itakuwepo. Kamati inafikiria Adirondack, pale Glens Falls, New York, au kwingine kokote kusikohitaji pasipoti. Ikumbukwe kwamba tangu Juni Burundi imewekwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya kuingia Marekani. Anayetaka kuirudisha mezani hoja ya Trois-Rivières aje kwanza na majibu ya hilo.

Muda wangu wa uongozi unaisha leo. Nilikuwa nimedhamiria kupumzika. Hata hivyo nimefuatwa na watu wengi, ambao wameomba majina yao yasitajwe, wakinisihi nigombee tena, na nimeona si vizuri kuwavunja moyo. Fomu zilitolewa mwezi mzima; iliyorudi ni moja.

Imewasilishwa kwangu pia hoja ya maandishi, yenye saini saba, inayotaka mwenyekiti arudishe dola 300 kutoka mfukoni mwake. Nimeipokea, nimeigonga muhuri. Itasikilizwa chini ya Mengineyo, baada ya uchaguzi, muda ukiruhusu. Wenye saini hizo, nimepekua daftari, wanne hawajalipa ada, na kwa mujibu wa kifungu cha tisa asiyelipa anaruhusiwa kusikiliza. Na waje na bango.

Chai iko nyuma.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti